Umeacha unga, sasa unaongeaje na watu wa nyumbani?

KwaLeoTu:

Wakuu salaam.

Humu kuna nyuzi nyingi za "ndugu yangu teja, nifanyeje?", na karibu zote zinaishia pale mtu anapopelekwa soba (nyumba ya kukaa wanaoacha) au anapoandikishwa kliniki ya methadoni (dawa ya kunywa badala ya unga). Watu wanapongezana, uzi unakufa. Mimi nataka tuongelee kinachofuata. Mtu karudi nyumbani, hali unga (heroini), asubuhi anakwenda kunywa dozi yake, lakini hakuna anayeweza kukaa naye sebuleni dakika kumi bila ugomvi kuzuka.

Mimi ni mwelimishaji rika hapa Dar. Nilikula unga miaka mingi, sasa naongoza vikundi vya waraibu wanaopata nafuu na vikao vya ndugu zao. Ninayoandika yametoka huko vikundini. Majina na mitaa naviacha.

Nianze kwa kupinga kitu kimoja. Watu wanasema teja hana hisia, hajui kuongea na watu, moyo umekufa. Sikubaliani. Hakuna anayesoma uso wa binadamu vizuri kuliko teja mwenye arosto, yale mateso ya kukosa unga. Akipanda daladala anajua nani katoka kazini na mshahara, nani ana mgonjwa nyumbani, nani atatoa kwa ajili ya Mungu. Anajua shangazi yupi apigiwe mwisho wa mwezi na yupi aambiwe habari za kulazwa. Heroini haikai. Zikipita saa nne, tano, sita, arosto inaanza kubisha hodi, kwa hiyo mara kadhaa kwa siku lazima utafute hela, na hela iko mifukoni mwa watu. Ishi hivyo miaka kumi, utakuwa bingwa wa kujua mwenzako anajisikiaje. Shida ni kwamba ujuzi wote huo ulikuwa wa kuvuna. Ukishaona mama ana uchungu, unachojiuliza ni uchungu huo utatoa shilingi ngapi.

Ndiyo maana nasema kazi ya kupata nafuu si kumfundisha mtu kutambua hisia za wenzake. Anazitambua sana. Kazi ni kumzoeza kukaa na uchungu wa mtu mwingine ambao haumwingizii chochote. Hapo vidume wanatoka jasho.

Chukua salamu tu. Mtaani kwetu shikamoo ya teja inajulikana. Mama akiisikia, mkono unashuka kwenye pindo la khanga kushika hela zake, maana anajua baada ya marahaba kinafuata "mama nisaidie mia tano nikanywe chai". Sasa kwenye kikundi chetu zoezi la mwanzo kabisa ni hili: salimia watu wazima wa mtaani kwako, subiri marahaba, uliza habari za nyumbani, sikiliza jibu mpaka liishe, aga, ondoka. Usiombe kitu, hata maji. Utasema zoezi la kitoto. Kuna jamaa, mtu mzima na ndevu zake, alirudi akatuambia ilikuwa ngumu kuliko siku ya tatu ya arosto. Muuza vitumbua aliitikia marahaba, halafu akaanza kumsimulia habari za mguu wake unaomuuma usiku. Jamaa hakujua asimame vipi, mikono aiweke wapi, aangalie wapi. Miaka mingi hajasikiliza habari za mguu wa mtu bila kupiga hesabu. Tukamuuliza, sasa ulifanyaje? "Nilisema pole mama, umeanza lini?" Basi yule mama akasimulia robo saa nzima, na siku ya pili yake yeye ndiye aliyeanza kumwita.

Kitu kingine ni nauli, na hapa naomba ndugu mnaosoma mnisikilize vizuri. Kliniki ni kila siku, jua au mvua. Dozi unainywa dirishani mbele ya nesi, mwanzoni hupewi uende nayo nyumbani. Kwa mtu wa Mbagala ndani ndani huko, ni nauli ya kwenda na kurudi kila siku, na kazi hana. Bahati mbaya, "naomba nauli ya hospitali" ndiyo sentensi aliyoitumia kuidanganya nyumba nzima kwa miaka. Leo ni kweli na hakuna anayeiamini. Anaomba, dada anaguna, yeye anafoka "kwa hiyo hamtaki nipone!", mlango unabamizwa, na kijiwe hakiko mbali. Dozi nyingi zimekosekana kwa njia hiyo, na si kwa sababu mtu alitamani unga asubuhi ile.

Kwenye kikundi tunaweka viti viwili vya plastiki, mmoja anakuwa dada, tunarudia mpaka itoke bila kufoka na bila kubembeleza: "Dada, kesho nahitaji elfu moja na mia mbili ya nauli ya kliniki. Najua maneno haya nimeshawadanganya nayo. Ukitaka, wapigie kliniki uwaulize, au twende wote." Halafu inakuja sehemu ngumu. Dada anasema "mimi sikuamini". Jibu ni "sawa, nakuelewa", na unanyamaza. Wengi wanaanguka kwenye kunyamaza. Mtoto wa kijiweni akikutana na ukimya anaona nafasi ya biashara, anaujaza maneno: anaapa, analia, anamtaja marehemu baba. Tunamsimamisha, tunaanza upya.

Na kusikiliza ni hivyo hivyo. Soba nyingi, hasa Zanzibar ambako nyumba hizi zilianza 2009, zinakwenda kwa hatua 12 za NA (Narcotics Anonymous, vikundi vya waraibu wanaosaidiana kuacha), na kila siku kuna kushea. Unasema yako, wenzako hawakukatizi, hawakushauri, hawakuhukumu. Mtu wa nje akiingia anashangaa wanaume ishirini wamekaa kimya mmoja analia. Pamoja na faida yake yote, kushea kuna upungufu wake, maana mtu anaweza kuwa hodari wa kusema yake na bado asijue kusikia ya mwenzake. Kwa hiyo sisi tumeongeza kitu. Mmoja anaongea dakika tatu, mwenzake halazimiki kujibu, analazimika kurudia alichosikia mpaka mwenye maneno aseme "hapo sawa". Mara ya kwanza karibu kila mtu anarudia alichotaka kusikia. Mwenzake kasema "nilikuwa naogopa simu ikilia usiku", yeye anarudia "ulikuwa umenikasirikia". Sasa hofu na hasira ni vitu viwili tofauti, na ndugu mwenye hofu ukimjibu kama mwenye hasira, atakasirika kweli.

Halafu majina ya hisia zako mwenyewe. Unga ulikuwa unazima kila kitu: baridi, aibu, msiba, hamu ya kula. Ukiacha, vinarudi vyote kwa mkupuo na huna jina la hata kimoja. Muulize mtu mpya kikundini unajisikiaje, atakwambia "freshi" au "nimevurugwa". Tunamwambia nimevurugwa haitoshi, kaa nayo. Ni aibu? Ni wivu kwamba mdogo wako kaoa? Ni usingizi tu? Maana usingizi unasumbua miezi mingi baada ya kuacha, na mtu asiyelala anaweza kudhani anaichukia familia yake kumbe amechoka. Watu wa NA wana kipimo chao cha kujiuliza kabla hujafungua mdomo: nina njaa, nina hasira, nina upweke, nimechoka? Likiwepo hata moja, mazungumzo mazito yasubiri. Kula kwanza.

Kwa nini nahangaika na haya badala ya kusema tu "acheni makundi mabaya"? Kwa sababu ugomvi unarudisha watu kwenye unga. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Alan Marlatt, alichambua visa vya watu waliorudia baada ya kuacha, vya pombe, sigara na heroini, na karibu robo tatu viliangukia kwenye mambo matatu: hisia mbaya, ugomvi na mtu, na shinikizo la wenzao. Arosto ya mwili, ambayo ndiyo kila mtu anaiogopa, ilikuwa sehemu ndogo.

La samahani nalileta nikipata nafasi, hapa niko kazini.

Chapakazi:

Mkuu heshima kwako, ila mimi nawaona mnawaremba sana hawa watu. Huyo teja mnayemfundisha kuongea ndiye aliyeng'oa betri ya bajaji yangu. Na hiyo methadoni si ni unga wa serikali tu? Mtu anatoka kliniki anasinzia barabarani, mnasema kapona.

Nesi_Zamu:

Chapakazi, nafanya kazi kwenye dirisha hilo hilo, nikujibu kidogo. Methadoni ikishapimwa sawasawa haimpi mtu zile nishai, inamwondolea arosto kwa saa 24 na zaidi, ndiyo maana dozi moja kwa siku inatosha. Anayesinzia ama dozi yake bado inarekebishwa, ama kachanganya na pombe au vidonge vya usingizi, na mchanganyiko huo unaua, si mzaha. Muhimbili walipoanza Februari 2011 watu walisema haya haya unayoyasema. Mtu asiyejidunga hashiriki sindano, na huko ndiko VVU vilikokuwa vinawamaliza.

Kuhusu mada, mimi nitoe ninachokiona kazini. Mteja akishameza dozi tunamtaka anywe maji na aseme neno, tuhakikishe hajaiweka mdomoni akaiuze nje. Ni utaratibu wa ulinzi tu. Lakini nimegundua lile neno linasema mengi. Siku za mwanzo wanasema "tayari" wakiwa wameshageuka. Baada ya muda kuna anayesema "asante dada". Kuna mmoja siku moja alinitazama akaniuliza, "Leo mbona macho mekundu, hukulala?" Nilikuwa nimekesha na mtoto mwenye homa. Nikamwambia. Akasema pole, akaondoka. Mwenyewe huenda ameshasahau.

Halafu ndugu wanapewa mzigo mdogo sana kwenye mazungumzo haya, wakati na wao wana cha kujifunza. Kuna njia inaitwa CRAFT, ilianzia kwa Robert Meyers, akaijenga na wenzake huko New Mexico, Marekani. Inamfundisha mke au mama namna ya kuongea na mnywaji au mraibu ambaye bado hataki tiba. Mwaka 1999 walichapisha utafiti wa ndugu 130 wa watu wenye tatizo la pombe. Waliofundishwa njia hii, 64% waliwafikisha watu wao kwenye tiba. Ile njia ya kumkalisha kikao na kumbana mbele ya familia yote ilipata 30%. Waliokwenda tu kwenye vikundi vya kufarijiana ndugu kwa ndugu, 13%, ingawa vikundi hivyo havikuundwa kwa lengo la kumleta mtu tiba, vinamsaidia ndugu mwenyewe. Na huko hawafundishi maajabu. Sema kwa ufupi. Sema jambo mahususi, usiseme "wewe siku zote". Anza na nafsi yako. Taja kitu kizuri alichofanya kama kipo. Kubali sehemu yako ndogo. Chagua saa ambayo yuko timamu.

MamaTisa:

Wanangu habari zenu. Mimi ni mama, sijui kuandika sana. Kijana wangu karudi kutoka soba mwezi uliopita. Mnasema tuongee, mimi nikimuona tu moyo unanienda mbio. Akienda chooni akakawia nagonga. Akipokea simu nauliza nani. Juzi kaniambia "mama hapa nyumbani ni jela kuliko soba". Nimelia. Nifanyeje, nisimuulize kabisa?

KwaLeoTu:

Shikamoo mama, na pole sana. Hofu yako ina haki yake, mtu asije akakwambia uifiche. Ila jaribu kumpa hofu yenyewe badala ya kumpa upelelezi. "Nani huyo kakupigia?" ni upelelezi, na yeye ana miaka ya mazoezi ya kujibu wapelelezi. "Simu ikilia saa hizi naogopa" ni hofu yako, haina pa kubishia. Tena mwambie mkiwa mmekaa, asubuhi akishakula, usimwambie mlangoni.

Na mpeane saa. Mwambie, jioni baada ya isha, au baada ya chakula, nitakuuliza mara moja tu siku yako imekwendaje, na wewe utaniambia kweli. Ukishauliza hiyo moja, siku imeisha, mambo ya choo muachie. Vijana wengi wanaikubali, kwa sababu swali moja linalojulikana saa yake linavumilika kuliko hamsini ya kuvizia. Wa kwangu mimi alikuwa baba, na alikuwa anauliza huku akirekebisha redio, hanitazami. Ilinisaidia, nisingeweza kujibu akinikodolea macho.

Nesi_Zamu:

Mama Tisa niongeze kwenye hilo la kusema kweli, kwa sababu ni suala la uhai. Mtu aliyeacha akirudia, kete ile ile aliyokuwa anaimudu zamani inaweza kumuua. Mwili umeshapoteza ule uzoefu. Wanaokufa wengi wanafia peke yao, chooni, gesti, pagala, kwa sababu walikuwa wanajificha. Kwa hiyo lazima nyumbani pawe na namna ya kijana kusema "nimeteleza" bila kuitwa mjomba na baba mdogo usiku huo. Mkubaliane kabla: akisema neno hilo, kwanza mnahakikisha hayuko peke yake, asubuhi mnakwenda kliniki pamoja. Lawama zipo, zitakuja baadaye, hazikimbii. Na ukimkuta haitikii, haamki, midomo imekuwa ya bluu, anapumua kwa kuvuta, usimmwagie maji wala maziwa. Mlaze ubavu, kimbiza hospitali, waambie ni heroini. Dawa ya kumrudisha ipo, inaitwa naloksoni.

Nahodha_Mstaafu:

Mimi nitakuwa mkweli kwa sababu humu hatujuani. Mwanangu aliuza mabati ya banda, akauza pampu ya maji, akauza mpaka viatu vyangu vya kazi. Leo eti nikae nirudie maneno yake mpaka aseme "hapo sawa". Nani atarudia ya kwangu? Amerudi, anakula, analala. Chumba changu nafunga na ufunguo natembea nao. Na kila asubuhi ananiambia samahani baba. Ile samahani inanichefua kuliko wizi.

KwaLeoTu:

Mzee shikamoo. Uliyosema mwishoni ndiyo niliyoahidi kuyaleta, ahsante.

Samahani ya teja ni hundi iliyokwisha kurudishwa benki mara nyingi. Alikuomba radhi siku alipouza bati la kwanza, la pili, na pampu. Leo anaitoa tena kwa sababu yeye anajisikia vibaya na anataka aache kujisikia vibaya. Kwa maneno mengine bado anakuomba kitu, anaomba umtulize. Ndiyo inayokuchefua, na mimi naona una haki.

Kwenye hatua za NA kuomba radhi hakupo mwanzoni. Hatua ya 8 unaorodhesha uliowaumiza na kuwa tayari kurekebisha. Ya 9 ndiyo unakwenda kurekebisha pale inapowezekana, isipokuwa kama kwenda kwako kutawaumiza wao au wengine. Kabla ya hapo kuna saba nzima. Vijana wanaruka, wanatoka soba Ijumaa, Jumamosi wanazunguka kwa ndugu kuomba radhi, Jumapili wanashangaa mbona hawajasamehewa. Mimi nawaambia, nenda kwa baba yako, muulize swali moja tu: "Baba, siku ile ulipokuta mabati hayapo ilikuwaje?" Halafu ukae. Usijitetee, usiseme "ni unga ule si mimi", usilie kwa sauti ukamlazimisha akubembeleze. Utasikia mambo hukuyajua. Kuna mmoja aligundua siku hiyo kwamba baba yake alikwenda kazini na ndala wiki nzima na wenzake wakamtania. Yeye kichwani alikuwa na bei ya viatu tu.

Kwa hiyo swali lako, nani atarudia ya kwangu? Yeye. Yeye ndiye wa kwanza kuyarudia. Wewe hudaiwi chochote mpaka hapo. Na mlango funga, wala usione aibu. Ila mwambie mwenyewe kwamba unafunga na kwa nini, asiugundue kwa kujaribu kitasa.

Nahodha_Mstaafu:

Kumwambia nafunga, hilo naweza. Hayo mengine nitaona.

DadaWaPili:

Nimesoma nyote, sasa niwape upande wetu. Mifano yenu yote ni kijana na mama, kijana na baba. Wanawake tuliokula unga tupo, kliniki tunaonekana wachache sana kuliko wanaume kwa sababu tunajificha zaidi. Mwanamume akirudi anachinjiwa kuku, mwana mpotevu. Mimi nilirudi nikakuta wanangu wanamwita dada yangu mama, na mimi wananiita anti. Hakuna aliyenifukuza, lakini hakuna aliyeniuliza kitu. Niliambiwa niwe msikivu, niwe mpole, niombe radhi kwa kila mtu mpaka jirani. Huko nje nilibakwa mara mbili, hilo hakuna aliyelisikiliza, ilionekana ni sehemu ya ushenzi wangu.

Kwa hiyo kikundi mchanganyiko cha kushea mimi kilinishinda. Siwezi kusema hayo mbele ya wanaume ambao wengine nilikuwa nao kijiweni. Tulipopata siku yetu wanawake peke yetu ndipo nilipoanza kuongea. Na kwa watoto wangu sikuanza na maneno. Nilianza kumsuka binti yangu nywele kila Jumapili. Tuko nyuma na mbele, hatutazamani, anaongea anachotaka, mimi nashika kitana. Miezi mizima hakuniita mama. Sikumlazimisha. Siku moja aliniuliza kwa nini mkononi nina makovu. Nikamwambia nilikuwa mgonjwa wa dawa za kulevya nikawa najichoma sindano. Akasema "iliuma?" Nikamwambia ndiyo. Akaendelea na habari za shule.

KwaLeoTu:

Dada, nimesoma mara mbili. Siongezi kitu. Kwetu siku ya wanawake bado haipo, nitaipeleka kwa uongozi, na nitamtafuta mwanamke aiongoze, si mimi.

MwanaMvita:

Salamu kutoka Malindi. Huku kwetu kuna jambo nimeliona, sijui huko bara liko vipi. Ikifika Idi kila mtu anamwambia mwenziwe nisamehe, nimekusamehe, yashapita. Mraibu naye anasamehewa kwa jumla kwenye foleni hiyo. Kila mtu aona mambo yamekwisha, wala hakuna aliyezungumza. Siku ya pili ya Idi utamkuta maskani. Sisemi msamaha wa Idi ni mbaya, Mungu atujaalie, ila hauwi badala ya yale mazungumzo mzee Nahodha aliyoambiwa hapo juu.

Na pia jamani watu wapewe kazi. Mtaani kwangu kulikuwa na maziko, mzee mmoja akampa kijana aliyetoka rehabu kazi ya kugawa maji kaburini, mbele za watu. Wengine walinong'ona. Yule kijana hakukaa chini mpaka wa mwisho kanywa. Hakuna aliyempa hotuba.

Chapakazi:

Betri yangu bado sijaisamehe. Ila hilo la mtoto na makovu limenikamata. DadaWaPili pole sana.

Kijana_Maskani:

Wakubwa mimi bado nakula. Nipo Dar. Nimesoma uzi wote kwa simu ya mshikaji. Nyumbani sijaenda tangu mwaka juzi. Nikitaka kuanza naanzia nyumbani au naanzia kliniki? Na kliniki nitaongea nini maana sina cha kusema.

KwaLeoTu:

Kliniki kwanza mdogo wangu. Nyumbani utakwenda ukiwa umeshatulia, sasa hivi ukienda na arosto mtagombana hata kama kila mtu anakupenda. Muhimbili, Mwananyamala na Temeke zote wanatoa, huduma ni bure. Nenda asubuhi na mapema. Ukishindwa kujua pa kuanzia, piga 119, ni namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, au ulizia mwelimishaji rika yeyote anayepita maskani kwenu na mabegi ya elimu, atakupeleka mwenyewe.

Cha kusema si kingi. Wataomba jina lako, unatumia nini, tangu lini, unajidunga au unavuta, una ugonjwa gani. Jibu kweli hata kama inaonekana nyingi, maana dozi inapimwa kutokana na majibu yako. Hapo ulipo uko upande gani, Temeke au Kinondoni?

Kijana_Maskani:

Kinondoni. Simu inarudi kwa mwenyewe saa hii. Kesho saa ngapi?

KwaLeoTu:

Saa moja uwe umeshafika Mwananyamala. Kunywa chai kwanza. Ukifika getini uliza kliniki ya methadoni iko upande gani, sema umekuja kujiandikisha. Nitampigia mwenzangu wa pale awe anakuangalizia. Mwambie umetoka kwenye uzi.